Baina ya Idi Mbili

Wanaoandika historia hupenda kuanza na watu ambao majina yao yamekwisha kuandikwa. Sultani huacha mihuri, liwali huacha barua, na jemadari huacha makaburi ya watu wengine. Mwanamke wa mji mdogo, aliyesuka mikeka na kukaanga vitumbua kwa muda wa miaka hamsini, haachi kitu ila watoto na mazoea ya watoto. Shaaban Robert aliuona upungufu huu, akaandika Wasifu wa Siti Binti Saad, habari za mwimbaji aliyetoka kijiji cha Fumba, Unguja, kwa wazee wanyonge. Lakini sauti ya Siti ilikuwa imekwisha kunaswa katika sahani za santuri, na dunia ilikwisha kuisikia. Mimi nataka kueleza habari za mwanamke ambaye sauti yake haikuvuka mto Pangani. Alikuwa bibi yangu, mzaa mama. Jina lake sitalitaja, kwa sababu ambayo msomaji ataijua kabla ya kufika mwisho.

Sikusudii kusimulia maisha yake yote. Nitasimulia habari ya tarehe moja tu, tarehe ambayo mwanamke huyu asiyejua kusoma aliishika tangu utoto hata kufa kwake, na ambayo mimi niliyesoma nilichukua miaka mingi kuielewa.

Mji wa Pangani umekaa upande wa kaskazini wa mlango wa mto wenye jina hilo, na ng'ambo ya pili ni Bweni, penye kilima. Katika karne ya kumi na tisa misafara ya pembe kutoka bara ilishukia hapa, na kandokando ya mto palilimwa miwa. Miwa ilikamuliwa, maji yake yakachemshwa kuwa sukari guru, na kazi hiyo ilifanywa na watumwa. Sultani Barghash alipofunga soko la watumwa la Unguja mwaka 1873, biashara ya baharini ilibanwa, lakini utumwa wenyewe haukufa. Mashamba ya mrima yaliendelea kuhitaji mikono. Mwaka 1888 watu wa pwani walipoinuka kuipinga kampuni ya Kidachi na bendera yake, kiongozi wao mkubwa alikuwa Abushiri bin Salim, naye alinyongwa papa hapa Pangani tarehe 15 Desemba 1889. Shujaa huyo anastahili heshima yake. Hata hivyo ni kweli pia kwamba alikuwa na shamba la miwa, na mashamba ya miwa ya siku zile hayakulimwa na waungwana. Vita vyake vilipata mshairi, Hemedi bin Abdallah el-Buhriy. Waliopalilia miwa hawakupata wa kwao.

Mwaka 1893 Dakta Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida. Ilisalimika 62 tu, ikapandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Mwaka uo huo reli ilianza kujengwa kutoka Tanga. Mambo hayo mawili yaliamua bahati ya mji wetu. Mkonge ulienea nchi nzima, reli ikauvuta kwenda Tanga pamoja na vijana wetu, na Pangani ikabaki mji wa minazi, uvuvi na kumbukumbu. Katika mji huo bibi alizaliwa, akaolewa, akazaa watoto sita, akazika wawili, akafiwa na mume, na akazikwa.

Nyumba yake ilikuwa ya udongo na makuti, yenye baraza ndogo mbele na ua mpana nyuma. Alinunua ukindu uliokwisha kuanikwa, akauchana, akautia rangi katika sufuria ya maji ya moto, akasuka ukili jioni baada ya jioni, kisha akaushona kuwa mkeka. Mchele wa vitumbua aliuloweka tangu usiku. Alfajiri ulikuwa umekwisha kutwangwa na kuumuliwa, na harufu ya iliki ndiyo iliyotuamsha sisi wajukuu. Vitumbua alivihesabu kwa macho. Deni alilihesabu kwa vifundo vya uzi, kila mdaiwa na uzi wake, na sikupata kusikia mtu amebishana naye akashinda. Mimi aliniita mume wangu, na dada zangu aliwaita wake wenzake, kama ilivyo desturi ya bibi na wajukuu wa pwani. Aliyemwamkia kwa haraka alirudishwa aamkie tena. Aliyemletea njaa hakurudishwa.

Tulimpenda kwa mambo hayo. Lakini palikuwa na mambo mengine ambayo tuliyaona kuwa ni vituko vya wazee tu. Nitayataja matatu, kwa kuwa ndiyo yaliyonifikisha kwenye tarehe yenyewe.

La kwanza lilikuwa nguo. Bibi hakuwa na mali, ila alikuwa na sanduku la kanga, nyingine hazijapata kuvaliwa, zimekunjwa na maua ya mkilua kati yake. Lakini kaniki haikuingia nyumbani mwake. Siku moja mama alinunua kaniki ya kuvaa shambani, kwa kuwa ni nguo isiyoonyesha uchafu. Bibi aliichukua kwa ncha za vidole, akaomba kisu, akaikatakata vipande vya kushikia vyungu. Mama alilalamika, naye akajibu, "Nitakulipa fedha yako. Nguo hii haivai mtu wangu." Na fedha akalipa, kwa vitumbua vya siku nyingi.

La pili lilikuwa posa. Mwaka 1958, nami nina umri wa miaka minane, washenga walikuja kumposa mama mdogo, kitinda mimba wa bibi. Kijana alikuwa mtulivu, mwenye kazi ya ukarani, na wenyewe wawili walikuwa wamekwisha kupendana. Maneno yalikwenda vizuri kwa majuma mawili. Kisha akaja mwanamke mzee wa upande wa kijana, akaketi ukumbini pamoja na wanawake, akaanza kuuliza habari za asili. Mimi nilikuwa nimejilaza mkekani, nikidhaniwa nimelala.

"Mama yako nilimjua," mzee yule alimwambia bibi. "Na siku uliyozaliwa nilikuwako, mtoto mdogo. Ilikuwa Mfunguo Mosi. Vyakula vya Idi ndogo vilikuwa bado midomoni mwetu."

Bibi hakuinua sauti. "Nimezaliwa Mfunguo Tatu," akasema. "Siku ya Idi kubwa, watu wanatoka kusali."

"Mfunguo Mosi, mwanangu."

"Mfunguo Tatu, bibi. Siku ya Idi kubwa."

Walirudia maneno hayo mara tatu au nne, na wanawake wote wakanyamaza. Mtoto akisikia watu wazima wanagombania mwezi wa kuzaliwa huona ni mchezo. Sikujua kwamba yule mzee, kwa kutaja mwezi tu, alikuwa anamwita bibi yangu kwa jina ambalo heshima ilimzuia kulitamka. Posa ilirudishwa. Mama mdogo alilia, kisha baadaye akaolewa Tanga na mtu wa watu wengine, akaishi naye vizuri. Lakini tangu siku ile bibi hakupita tena mbele ya nyumba ya yule mzee. Alizunguka njia ya mtoni, ijapokuwa ilikuwa ndefu na yenye matope wakati wa masika.

La tatu lilikuwa hesabu ya watu ya Agosti 1967. Karani alikuja na makaratasi yake, kijana wa shule mwenye adabu. Akauliza umri. Bibi akamwambia kwamba hajui miaka yake ni mingapi, ila anajua siku aliyozaliwa. Karani alifurahi, akadhani amepata mtu mwenye cheti. Bibi akasema, "Ni mwaka uliopigwa vita vya Maji Maji huko kusini, Mfunguo Tatu, siku ya Idi kubwa." Karani akahesabu kwa vidole, akasema, "Basi tuandike 1905." Bibi akaweka ukili chini.

"Mwaka wa Kizungu ulikuwa umekwisha," akasema. "Andika unaofuata."

"Bibi, ni tofauti ya mwaka mmoja. Serikali haitajali."

"Mimi najali."

Karani akafuta, akaandika upya. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni, kijana wa miaka kumi na saba, na nakiri kwamba niliona haya kwa ajili yake. Nilidhani ni ukaidi wa mzee mbele ya kalamu. Sikujiuliza jambo lililo wazi: mwanamke aliyehesabu miezi kwa mwandamo, na asiyepata kutumia kalenda ya Kizungu maishani, alijuaje kwamba mwaka wa Kizungu ulikuwa umekwisha, na kwa nini alijali?

Jibu nilikutana nalo mwaka 1973, nikiwa mwanafunzi wa historia katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Siku zile masomo ya historia yalikuwa na ari kubwa. Kabla yetu, mwaka 1968, wanafunzi walikuwa wametumwa vijijini kukusanya habari za vita vya Maji Maji kutoka vinywani mwa wazee, na sisi tuliowafuata tuliamini kwamba hakuna mzee asiye na habari za kuandikwa. Lakini maswali tuliyofundishwa kuuliza yalikuwa ya vita, ya watawala na ya safari za makabila. Siku moja tulikuwa tukisoma habari za utawala wa Wadachi, na mwalimu akataja amri zao juu ya utumwa.

Wadachi hawakuufuta utumwa kwa siku moja. Walihofia wenye mashamba na walihofia gharama. Waliupunguza kwa vipande. Kwa amri ya mwaka 1901 mtumwa aliruhusiwa kujikomboa kwa fedha iliyopimwa na ofisa, na bwana wake alitakiwa kumwachia siku mbili za juma ajifanyie kazi zake. Makumi ya maelfu ya watumwa walipewa hati za uhuru katika miaka ya Wadachi. Kisha ikaja amri ya Kansela wa Udachi ya tarehe 24 Desemba 1904. Hiyo ilisema kwamba watoto wa watumwa watakaozaliwa baada ya tarehe 31 Desemba 1905 watakuwa huru. Mama zao walibaki kama walivyokuwa. Ndugu zao waliotangulia kuzaliwa walibaki kama walivyokuwa. Utumwa wenyewe haukufutwa Tanganyika hata Waingereza walipotoa sheria yao mwaka 1922.

Mwalimu aliendelea na jambo jingine, lakini mimi sikumsikia tena. Nilikuwa nimerudi mkekani, nikisikia wanawake wawili wakigombania mwezi.

Jioni ile nilikwenda maktaba nikatafuta majedwali ya kulinganisha tarehe za Hijra na za Kizungu. Mwaka wa Maji Maji, yaani 1323 wa Hijra, Mfunguo Mosi ilianza yapata tarehe 29 Novemba 1905. Mfunguo Pili ilianza yapata tarehe 28 Desemba. Idi kubwa, ambayo ni siku ya kumi ya Mfunguo Tatu, iliangukia yapata tarehe 5 Februari 1906. Mwezi huandama kwa macho ya watu, kwa hiyo siku moja huweza kuzidi au kupungua, lakini hiyo haibadili kitu. Mpaka uliochorwa na Kansela katika Berlin ulipita baina ya Idi mbili za Pangani, siku chache tu baada ya mwezi wa Mfunguo Pili kuandama. Mtoto wa mtumwa aliyezaliwa Mfunguo Mosi alikuwa mtumwa. Aliyezaliwa siku ya Idi kubwa alikuwa huru. Aliyesema "Mfunguo Mosi, mwanangu" alikuwa anasema neno moja, na aliyejibu "Mfunguo Tatu, bibi" alikuwa anasema jingine, na wote wawili walielewana.

Ndipo na kaniki nayo ikafunguka. Ile nguo nyeusi ndiyo iliyokuwa vazi la wanawake watumwa wa pwani. Na kanga zilipoenea mwishoni mwa karne ya kumi na tisa, wanawake waliotoka utumwani walizishika kwa mikono miwili, kwa kuwa mwenye kuvaa nguo ya maua hawezi kutambulikana kwa nguo. Sanduku la bibi halikuwa anasa. Lilikuwa ushahidi.

Likizo ilipofika nilikwenda Pangani na daftari. Ninaandika jambo hili kwa majuto. Nilidhani nimegundua kitu, na mtu aliyegundua kitu hupenda kukionyesha, hata kwa mwenyewe aliyekificha. Nilimkuta uani anasuka.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mume wangu. Umekonda. Huko hawapiki?"

Tulizungumza habari za safari na za jamaa. Kisha nikafungua daftari, nikamsomea amri ile kwa Kiswahili, tarehe kwa tarehe, kama mwalimu alivyotusomea. Mikono yake haikusimama. Nilipomaliza nikamwuliza kama alipata kuisikia. Akasuka urefu wa shubiri kabla ya kujibu.

"Mama yangu aliletwa mtoto," akasema. "Hakujua jina la kwao. Alijua kwamba kulikuwa na mto na kwamba maji yake yalikuwa baridi. Alikata miwa mpaka mkono huu ukapinda. Alizaa wawili kabla yangu. Mimi ndiye wa tatu."

Nikauliza, "Na siku uliyozaliwa ilikuwa ipi hasa?"

Hapo ndipo mikono iliposimama. Alinitazama, wala si kwa hasira, bali kama mtu anavyomtazama mgeni aliyeingia chumba cha ndani bila ya kubisha hodi.

"Watu walitaka siku," akasema, "mama akawapa siku. Na wewe, mume wangu, wataka ipi?"

Sikuwa na jibu. Nikafunga daftari. Akanyanyuka akaenda jikoni, akarudi na sahani ya vitumbua vilivyobaki asubuhi, akaiweka kati yetu. Hatukulizungumza tena jambo lile katika miaka kumi iliyobaki ya maisha yake.

Nimeyafikiri maneno yale kwa muda wa miaka hamsini na zaidi. Nadhani maana yake ni hii. Mbiu ilipigwa, au habari ilipita kwa minong'ono jikoni na mashambani, kwamba mtoto atakayezaliwa baada ya siku fulani hatakuwa wa mtu. Mwanamke mmoja, asiye na fedha ya kujikomboa, alikuwa na mimba. Hakuwa na cheti wala shahidi ila wanawake wenziwe. Sheria ilimpa mtoto wake uhuru kwa sharti la siku, na siku ya kuzaa ni kitu ambacho mama hukijua kuliko sheria. Kama mtoto alikuja siku ya Idi kubwa, basi Mungu alimsaidia. Kama alikuja Mfunguo Mosi, basi mama alisimama peke yake mbele ya bwana wake, akaisogeza siku mbele kwa miezi miwili na siku chache, akamfundisha binti yake kusema hivyo hata akizeeka. Kwa vyovyote vile, mwanamke yule alishika kitu ambacho hakikukusudiwa kumfaa yeye, akakitia mkononi mwa mwanawe.

Msomaji huenda akauliza, kwa nini basi bibi aliendelea kuing'ang'ania tarehe ile mwaka 1958 na 1967, wakati utumwa umekwisha kufutwa zamani, na kufikia ule mwaka wa pili nchi imekwisha kupata Uhuru tarehe 9 Desemba 1961? Jibu ni kwamba sheria ina mizani yake, na baraza ina yake. Sheria huuliza tarehe. Baraza huuliza damu. Katika ukumbi ule wa posa, bibi alijibu kwa mizani ya sheria, na wenziwe walikuwa wanapima kwa mizani ya baraza. Kwao, binti wa mama mtumwa alikuwa mzalia, azaliwe mwezi wowote. Naye alilijua hilo. Lakini mtu mwenye hati moja tu huitoa hiyo hiyo, hata mbele ya hakimu asiyeitambua, kwa kuwa kutoitoa ni kukiri.

Tena kuna tofauti ambayo wanahistoria hawana budi kuizingatia. James Mbotela, katika kitabu chake Uhuru wa Watumwa cha mwaka 1934, alieleza habari za wazee wake walionyang'anywa mikononi mwa wafanya biashara baharini na kufikishwa Frere Town, karibu na Mombasa. Hao walikuwa na hadithi ya ukombozi, yenye merikebu, bahari na siku ya furaha, na kwa hiyo watoto wao waliweza kuisimulia kwa fahari. Lakini wengi wa watumwa wa mrima hawakuokolewa na mtu. Utumwa uliwaondoka polepole kama maji yanavyokupwa. Leo huyu amejikomboa, kesho yule amehama, na mwingine amezaliwa upande mwema wa kalenda. Nao walibaki katika mji ule ule, wakichota maji kisima kile kile na watoto wa mabwana wao. Watu wa namna hiyo hawana hadithi ya kusimulia barazani. Wana kimya, na kimya chao kina adabu zake: nguo fulani haivaliwi, njia fulani haipitwi, na mwezi fulani hautajwi.

Kimya hicho kimeanza kusikizwa na wasomi. Mwaka 1989 Sarah Mirza na Margaret Strobel walichapisha maisha ya wanawake watatu wa Mombasa kwa maneno ya wenyewe, na mmoja wao alitoka katika kizazi cha watumwa. Kazi kama hiyo ni ya thamani kubwa. Ila yataka mtu akubali kusema, na bibi yangu hakukubali. Yeye aliacha ushahidi wa namna nyingine, na mtafiti asiyejua kusoma ukaidi wa mzee atakwenda zake na daftari tupu, akasema kwamba mzee hana kumbukumbu.

Bibi alifariki mwaka 1983. Ilikuwa miaka ya dhiki. Vita vya Kagera vilikuwa vimeacha hazina tupu. Sukari, sabuni na nguo zilipatikana kwa foleni na kwa kujuana. Tulipoanza kutafuta sanda, bafta haikupatikana mjini. Wajomba walipeleka mtu Tanga. Wakati tukingoja, jirani mmoja, kwa nia njema kabisa, alileta doti ya kaniki mpya atandikiwe maiti wakati wa kuoshwa. Mama yangu aliipokea kwa shukrani, akaiweka kando, akalifungua sanduku. Alitandika kanga ya bibi iliyokuwa haijapata kuvaliwa, yenye maua mekundu, na hakumweleza mtu sababu. Hapo nilijua kwamba mama naye alikuwa akijua siku zote. Bafta ilifika alasiri, na jua lilipokuwa linapunga tulimzika.

Nimesema kwamba sitataja jina lake. Katika miji yetu wapo bado watu ambao, wakisoma jina, wataanza kuhesabu: huyu ni mjukuu wa nani, yule ameoa kwa nani. Wala sidai kwamba kuficha ni vizuri. Nadhani aibu ya utumwa ni ya aliyemfunga mwenziwe, wala si ya aliyefungwa, na kwamba siku watu wa pwani watakapoweza kusema "bibi yangu alizaliwa na mtumwa" kama wasemavyo "babu yangu alikuwa mvuvi", hapo ndipo amri ya mwaka 1904 na sheria ya mwaka 1922 zitakapokuwa zimetimia. Lakini siri hii ilikuwa yake kabla ya kuwa yangu. Mimi natoa habari, jina nalirudisha.

Miaka michache iliyopita jamaa walinitaka niandike daftari la ukoo, kwa kuwa mimi ndiye mzee niliyebaki na ndiye niliyesomea mambo hayo. Nilipofika kwenye safu ya bibi, kalamu ilisimama penye mwaka wa kuzaliwa. Mwanahistoria ndani yangu alikuwa na shahidi wawili wanaopingana, mmoja aliyekuwako akiwa mtoto mdogo, na mwingine aliyeambiwa na mama yake. Mjukuu ndani yangu alikuwa na shahidi mmoja tu. Nikaandika hivi: "Alisema amezaliwa siku ya Idi kubwa, mwaka 1323." Wajukuu zangu, waliokuwa wakichungulia begani, wakauliza kwa nini nimetia neno "alisema", wakati kwa wengine wote nimeandika "alizaliwa" na basi. Nikawaambia waketi. Kisha nikaanza kuwaeleza habari za miwa.